Nguzo Zenye Majani

Mwenyekiti wa kamati aliushika mchoro wa Zakia kichwa chini miguu juu, akautazama kwa utulivu mkubwa, kisha akasema ni mzuri. Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Zakia alikuwa amesimama mbele yao karibu na ubao wa darasa waliloazima kwa kikao, mkono mmoja ukishika kalamu na mwingine ukizuia ushungi uliokuwa ukiteleza, akijiuliza kama ni adabu kumgeuzia mzee wa watu karatasi yake. Mwishowe aliona bora akose adabu kuliko kukosa kazi. Akanyoosha mkono, akaigeuza.

"Sasa hapo ndipo sielewi kabisa," akasema mwenyekiti, Mzee Elihuruma, akavua miwani.

Wajumbe walicheka. Mzee Elihuruma alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, Mmachame aliyekaa Arusha mpaka akawa mwenyeji, na wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hamu moja uzeeni mwake: watoto wa shule za mjini wapate kambi msituni, walale huko, wajifunze ndege na miti kwa macho yao badala ya kwa picha za vitabuni. Alikuwa amewashika wazazi mashati mpaka wakaunda chama, chama kikapata eneo lenye miti juu ya Nkoaranga, kwenye mteremko wa Mlima Meru, na sasa lilitakiwa jengo la kulia chakula na kufundishia, pamoja na mabweni. Wasanifu wawili walikuwa wameitwa. Mmoja ni Zakia. Wa pili ni Rodrick, ambaye mpaka mwanzoni mwa mwaka alikuwa bosi wake.

"Binti," Mzee Elihuruma akaendelea, "nyumba yako imejikunja. Kwa nini imejikunja?"

"Inapita katikati ya miti, mzee. Hapa pana mkuyu, pale pana mringaringa, na huku pana misesewe mitatu. Kuta zinaizunguka miti yote, inabaki imesimama ndani. Hautakatwa hata mmoja."

"Hilo nimelisikia. Lakini mgeni akifika akaikuta imekwenda hivi na hivi, si atasema fundi alikuwa amelewa?"

Kicheko kikarudi, na Zakia naye akacheka, kile kicheko cha mtu anayedungwa sindano huku akisema haiumi. Aliomba dakika chache aeleze tena. Alieleza. Kadiri alivyozidi kueleza ndivyo nyuso zilivyozidi kupoa, na mjumbe mmoja akaanza kusoma ujumbe kwenye simu. Ni mwalimu Fransiska peke yake, aliyekuwa apewe kuisimamia kambi hiyo, aliyekuwa bado ameinama juu ya mchoro akiufuata kwa kidole, naye pia alikuwa amepotea njia.

Ndipo Rodrick aliposimama. Hakuleta karatasi. Alileta bango la rangi refu kama mlango, na humo jengo lake lilikuwa limenyooka mstari mmoja, bati la bluu, matofali ya sakafu mpaka getini, na watoto wa kuchora wakikimbia mbele yake. Kamati ikapiga makofi kabla hajasema neno.

"Na miti?" Fransiska akauliza.

"Tutapanda mingine mbele," akasema Rodrick kwa upole. "Ile mirefu ya mapambo, kama ya benki."

Wakakubaliana kwamba Alhamisi ya wiki iliyofuata kamati ipande msituni, wasanifu waonyeshe jengo linakaa wapi, na uamuzi utolewe huko huko. Zakia alimwachia mwenyekiti nakala ya mchoro, na alikuwa anakunja iliyobaki nje ya darasa pale Rodrick alipomfikia akamshika bega.

"Zakia, wewe una akili, tatizo lako huna wateja," akamwambia. "Kazi hii nikiipata nitakukumbuka. Utanichorea vyoo vyake."

Alisema kwa nia njema kabisa, na hilo ndilo lililomuuma Zakia njia nzima mpaka nyumbani.

Nyumbani kwao Ngarenaro mtu alikuwa anakaa pale palipobaki. Sebule ilikuwa ghala la mapambo ya harusi ya mama mkwe wake, Mwanamkuu, mabunda ya satini nyeupe mpaka dirishani, maua ya plastiki, taa ndogo ndogo zilizoviringishwa kwenye madumu. Meza ya kuchorea ya Zakia ilikuwa imebanwa katikati ya mabunda hayo, na hiyo ndiyo iliyokuwa ofisi yake tangu alipoacha kazi kwa Rodrick ili afanye kwa jina lake mwenyewe. Mumewe, Najim, aliyekuwa akiendesha Kenta, lori dogo la mama yake, alimsikiliza huku akila, bila kumkatiza.

"Vyoo," akasema alipomaliza kutafuna.

"Vyoo."

"Mke wangu, mimi sina neno baya. Nakuuliza tu. Huyu ndiye mteja wako wa kwanza na ndiye wa pekee. Akikukataa Alhamisi, Jumatatu utakwenda wapi?"

Jibu walikuwa nalo wote wawili. Angekwenda kwa Rodrick. Na alijua moyoni kwamba akirudi safari hii hatatoka tena, atachora maghala na vyoo vya watu wengine mpaka nywele zigeuke mvi, na lile jengo la msituni litabaki kuwa kitu alichowahi kukiwaza alipokuwa kijana. Akaisogeza sahani yake pembeni.

Mwanamkuu alikuwa upande wa pili wa sebule akipiga pasi satini. Alikuwa mwanamke mnene, mzaliwa wa Pangani, aliyeletwa Arusha na ndoa akaushinda ubaridi wake kwa maneno, na hakuna harusi kubwa ya upande ule wa mji iliyopita bila yeye kuitia mkono.

"Hao watu wa kamati umewaonyesha nini?" akauliza.

"Michoro, mama."

"Karatasi."

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, mimi hapa napamba tangu huyu Najim hajaota meno. Sijapata kuona bibi harusi aliyeelewa karatasi. Unamwambia rangi ya maziwa na dhahabu, anasema sawa, siku ya siku anaingia ukumbini analia. Siku hizi sihangaiki nao. Nampeleka ukumbini, nafunga kona moja tu, namwambia keti hapo. Akishaketi hana swali."

"Lakini mama, mimi sina kona. Jengo langu halipo. Pale ni msitu mtupu."

"Mirunda ya kufungia vitambaa ipo. Kamba ipo. Kitambaa ndicho hiki unachokikalia. Lipambe msituni waingie ndani yake."

Najim aliacha kula. "Mama, kitambaa hicho si cha harusi ya Sakina Jumamosi?"

"Na wao wanapanda Alhamisi," Mwanamkuu akasema, akageuza pasi. "Au kalenda imebadilika?"

Zakia alianza kucheka, halafu akajikuta ameshika kalamu, anatazama mabunda ya satini kwa jicho jingine kabisa.

Jumanne alipanda Nkoaranga na Najim wakanyoosha kamba kati ya vigingi, wakilifuata jengo kama lilivyo mchoroni, ukubwa wake ule ule. Jumatano Kenta ikapanda na Mwanamkuu, mirunda, kitambaa, viti, na vijana wa mapambo wakiongozwa na Lesian, kijana mrefu wa Kisongo aliyekuwa mkono wa kulia wa Mwanamkuu katika kazi zote. Kulikuwa na ukungu na baridi ile ya Juni inayoingia kwenye mifupa, na ardhi ilikuwa na tope jeusi. Mwanamkuu alilitazama tope, akavitazama vitambaa vyake vyeupe, akameza mate, akafunga kanga kiunoni.

Zakia aliwaonyesha kila kitu. Hapa ukuta, kitambaa kishuke mpaka chini. Hapa mlango, paachwe wazi. Hapa dirisha refu linaloelekea bondeni, kitambaa kiishie kiunoni mwa mtu. Huko juu, kamba zipite kuonyesha paa linaanzia wapi. Lesian alikuwa akielewa upesi kuliko kamati nzima, kwa sababu alikuwa mtu wa kufunga na kupima, na kila alipoelewa alisema "freshi, dada" na kuendelea. Adhuhuri Zakia akashuka mjini kuchapisha michoro mipya, roho yake ikiwa nyepesi. Aliwaeleza kila kitu isipokuwa kimoja, ambacho kwake kilikuwa wazi mno hata hakudhani kinahitaji kusemwa.

Alhamisi asubuhi alipanda njia ya msituni na michoro kwapani. Aliuona ukuta wa kwanza mweupe ukikata kona nyuma ya vichaka, sawasawa na alivyouchora, na moyo ukamruka kwa furaha. Akaingia kwa mlango wake mwenyewe. Halafu akasimama.

Miti yote mitano iliyokuwa ndani ya ukumbi ilikuwa imevishwa. Kuanzia kwenye mizizi mpaka juu ya urefu wa mtu, kila shina lilikuwa limezungushiwa satini nyeupe iliyokazwa vizuri bila mkunjo, na katikati utepe wa dhahabu umefungwa ua kubwa. Mkuyu ulikuwa bibi harusi mtupu.

"Mama," akasema Zakia, "hii ni nini?"

"Nguzo," Mwanamkuu akajibu kwa fahari. Alikuwa na tope mpaka magotini.

"Hiyo ni miti."

"Nje ni miti. Ikiwa ndani ya ukumbi ni nguzo, na nguzo haiachwi uchi mbele ya wageni. Ungeniaibisha."

"Halafu dada, alfajiri tuliikuta na X," Lesian akaongeza. "Nyekundu, kubwa, kama zile za nyumba zinazobomolewa kupisha barabara. Tukasema uchafu ule hatuwezi kuuacha."

Zakia hakuwa na habari. Kumbe jioni ya jana yake, wapambaji walipokwisha kuondoka, mafundi wa Rodrick walipita wakapaka alama kwenye kila mti uliosimama mahali pa jengo lao. Lakini asubuhi ile hakuyapa mawazo hayo nafasi. Alichokiona ni kazi yake ya miezi yote ikifungwa utepe wa dhahabu.

"Jengo hili lote lipo ili miti ionekane," akasema, na sauti ikampanda. "Kitu kimoja tu nilichotaka wakione, mama, ndicho mmekifunika. Mmeniharibia."

Vijana wakaangalia chini. Mwanamkuu aliutazama mkuyu kuanzia chini mpaka juu. Alijifuta mikono kwenye kanga.

"Basi wanangu, vueni," akawaambia vijana taratibu.

Lakini milango ya magari ilikuwa tayari inafungwa chini kwenye njia. Mwanamkuu akaenda akakaa kwenye kiti cha plastiki nje ya ukuta, akageuza mgongo. Zakia aliuona mgongo ule mpana wenye matone ya ukungu, akaona aibu kubwa, na hakukuwa na muda hata wa kuifanyia lolote.

Walikuja kwa mstari, Mzee Elihuruma mbele na fimbo yake, Fransiska nyuma yake akipandisha sketi isiguse tope, wajumbe wengine, na mwisho Rodrick na bango lake lililofungwa nailoni. Rodrick alipoona vitambaa alitabasamu.

"Zakia, unaolewa?" akauliza, na mjumbe mmoja akacheka.

Mzee Elihuruma hakucheka. Alikuwa amefika mlangoni. Alisimama pale, akafuta viatu vyake kwenye majani, upande wa kushoto, upande wa kulia, kisha akavua kofia.

"Hodi," akasema.

"Karibuni," Lesian akaitikia kutoka ndani kwa mazoea ya kumbini, na kamati nzima ikaingia kwa mlango, mmoja mmoja.

Zakia aliwafuata nyuma. Wajumbe walitembea polepole na sauti zao zikashuka zenyewe. Walipofika pale ukuta ulipokata kona Mzee Elihuruma akasimama, akarudi nyuma hatua kidogo, akaenda tena.

"Kumbe inakata kona hapa," akasema, "halafu ghafla unaona bonde."

"Ndiyo, mzee," akasema Zakia. "Ingenyooka usingeliona mpaka utoke nje."

Fransiska alikuwa amekwisha keti kwenye kiti kando ya lile dirisha refu. "Kwa hiyo watoto wanakula hapa," akasema, akionyesha kwa mikono, "jikoni kule nyuma ya kona, moshi hauji. Na mimi nikikaa hapa nawaona wote wanaotoka bwenini."

"Nilikuchorea hapo mahali pako, mwalimu."

"Mbona hukusema?"

Zakia alikuwa amesema, tena zaidi ya mara moja. Mzee Elihuruma alikuwa akizizunguka nguzo, moja baada ya nyingine, akizipimapima kwa jicho.

"Nguzo hizi nimezipenda," akatangaza. "Nene. Zinaonyesha jengo lina heshima. Ni za zege?"

Zakia alisogea karibu naye. Angeweza kuomba radhi, aeleze kwamba ni makosa ya wapambaji. Midomo ilikuwa imeshafunguka kufanya hivyo. Kisha akamtazama mzee aliyekuwa amesimama mbele ya msesewe, kichwa amekiinua kidogo tu mpaka kitambaa kinapoishia, na akaelewa kwamba kwa mara ya kwanza tangu kazi hii ianze mwenyekiti wake alikuwa anauona mti ule.

"Si zege, mzee. Tazama juu."

Mzee Elihuruma akatazama. Satini iliishia juu kidogo ya kichwa chake, gome likaanza, na gome likaenda juu likagawanyika matawi, na matawi yakafunga majani juu ya kamati yote. Mbega mmoja alikuwa amekaa huko, mkia mweupe ukining'inia, anawatazama bila haraka.

Mzee aliegemeza fimbo yake kwenye shina. Aliweka kiganja kwenye kitambaa kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Msesewe huu," akasema. "Mama yangu alikuwa anatia gome lake kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi." Akageuka. "Bwana Rodrick, nguzo hizi kwenye jengo lako ziko wapi?"

"Hazipo, mwenyekiti. Huwezi kujenga kitu cha maana bila kusafisha kiwanja."

"Kijana, hebu fungua hapa."

Lesian akafungua ua la dhahabu, satini ikashuka mpaka miguuni mwa mti, na X nyekundu ikabaki inawatazama. Hakuna aliyecheka. Ile alama kila mtu wa Arusha aliijua, na waliokuwa wamewahi kuikuta kwenye ukuta wa duka lao asubuhi walikuwemo humo humo ndani.

"Tunaleta watoto tuwafundishe miti," akasema Fransiska, "tutawaonyesha visiki."

Rodrick alijitetea kiungwana. Alisema jengo lililonyooka hukamilika mapema, alisema bati la bluu halipauki, akaanza kulifungua bango. Upepo ukalishika upande mmoja, mjumbe akamsaidia, na wote wakalitazama bango hilo wakiwa wamesimama ndani ya ukumbi wa Zakia. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Rodrick mwenyewe aliliona hilo, akaanza kulikunja bango polepole, na Zakia akamsaidia kushika pembe.

"Wajumbe," akasema Mzee Elihuruma, "karatasi ya binti huyu nimelala nayo wiki nzima nikaona nyumba ya mlevi. Leo nimeingia ndani nimeelewa kabla sijaketi. Anayekubali ukumbi huu ujengwe hivi ulivyo, na miti yake, anyooshe mkono."

Mikono ikapanda. Fransiska alinyoosha miwili.

"Ila nina neno," akaongeza mzee haraka, maana ualimu mkuu haumtoki mtu. "Nataka ukuta mmoja ulionyooka, nipige picha na wageni."

"Utaupata jikoni, mwenyekiti," akasema Zakia.

Walicheka wote, na safari hii walicheka pamoja naye, na Zakia akasikia kifua kikifunguka, furaha ikimjaa mpaka machoni. Alikuwa ameshinda. Kwa jina lake mwenyewe, na miti yake yote mitano ikiwa imesimama. Alitoka upesi akaenda nyuma ya ukuta, akapiga magoti kwenye tope mbele ya kile kiti cha plastiki.

"Mama, nisamehe. Mngeiacha miti uchi, wasingeiona kamwe. Wangepita tu."

Mwanamkuu alikuwa amesikia kila neno kupitia kitambaa. Macho yake yalikuwa mekundu na uso wake umenuna, vyote kwa pamoja.

"Hujaniudhi wewe, baridi tu ya huku kwenu," akasema, akamvuta akamkumbatia kwa nguvu. "Sasa simama, umwambie Lesian asiniburutie kitambaa. Nina harusi mimi."

"Chini kimeshaingia tope, mama."

"Bwana harusi gani anaangalia chini?"

Najim alisogeza Kenta na vijana wakaanza kuvua. Kamati haikuondoka. Fransiska alikuwa amekuja na chupa ya chai, wajumbe wakabaki kwenye viti vyao wakibishana ubao utundikwe wapi na viatu vya watoto vivuliwe wapi, huku kuta zikishuka na kukunjwa nyuma ya migongo yao, kamba zikifunguliwa juu ya vichwa vyao, mirunda ikibebwa mmoja mmoja. Mwishowe hata viti vikatakiwa. Wakasimama, wakapeana mikono. Rodrick naye alimpa Zakia mkono, akasema hongera, na ilionekana imetoka moyoni ingawa ilimgharimu.

Hapakuwa na kitu tena. Palikuwa na msitu, majani yenye maji, na miti iliyopigwa X. Magari yalikuwa chini pale pale, upande wa bondeni, mtu angeshuka moja kwa moja akayafikia. Mzee Elihuruma alivaa koti lake vizuri, akashika fimbo, akaanza kuondoka. Alipita kando ya mkuyu, akafuata kona, akaizunguka misesewe, na kamati yote ikamfuata nyuma kwa mstari, wakapita pembeni ya ukuta ambao haukuwepo mpaka walipofika mahali pa mlango. Hapo mzee akasimama, akampisha Fransiska atangulie. Kisha akatoka, akavaa kofia.